Nakuru Hawanunui Mninga

Bondeni, Nakuru
11 Februari 1953

Kwa mdogo wangu Ishak,

Pokea salamu zangu huko Tabora, wewe na wifi yangu Mboni, na mwambie nimemkumbuka kwa ile mikate yake ya kumimina. Mimi mzima, ila vumbi la Nakuru linanikohoza. Mvua imekataa kabisa, na upepo wa ziwani unaleta magadi mpaka ndani ya sufuria. Paka wa marehemu amezaa tena, na wapi kama si ndani ya kabati la kuuza! Mteja alifungua mlango akapiga kelele akaondoka bila kuaga.

Ama baada ya hayo, mume wangu Obeid amefikisha mwaka kaburini. Tulimsomea hitima Ijumaa. Watu walikuja wengi, wakala pilau, wakamwombea dua, wakaenda zao. Nikaosha sufuria peke yangu.

Sasa nakuandikia habari ya duka. Nimekuwa nikiuza fanicha alizoacha marehemu, nazo zinakwisha. Duka linataka mwanamume, Ishak, linataka fundi anayejua mbao. Chumba cha nyuma hakina mtu. Njoo na Mboni, mjaribu hata mwezi mmoja, msipopapenda mtarudi. Miaka kumi umekaa kwa watu, haitoshi?

Nijibu upesi, usinifanyie kama barua ya mwaka juzi.

Dada yako,
Khamisa


Tabora, Tanganyika
30 Machi 1953

Dada Khamisa, shikamoo.

Barua yako imefika nikiwa na randa mkononi. Mungu amrehemu shemeji Obeid, alikuwa mtu wa watu. Huku hatujambo. Asali mwaka huu imekuwa nyingi, nitakutumia debe.

Duka lisikutie wasiwasi. Nitakuletea mali. Nina vitanda vitatu, mninga mtupu, kila kimoja kimefika mtu kiunoni, nguzo nimezikereza mwenyewe. Hapa Tabora nikimaliza kitanda asubuhi, kabla ya adhuhuri watu wawili wanakigombania. Navipakia treni mpaka Mwanza, vitavuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, halafu treni tena mpaka kwako. Viweke barazani, jioni utakuta umebaki na baraza tupu.

Habari ya kuja, kazi ni nyingi, tutaona.

Nduguyo,
Ishak


Bondeni, Nakuru
19 Juni 1953

Mdogo wangu mpenzi,

Idi njema, ijapokuwa imekwisha pita. Nilipika, nikagawa kwa majirani, na asali yako nimeila mpaka nimeona haya. Mboni hajambo? Hukuniambia neno juu yake, na mimi nilimtumia salamu. Mwambie wifi yake ananuna.

Vitanda vimefika. Wapagazi wanne walivileta kutoka stesheni wakitukana njia nzima. Kimoja hakikuingia mlangoni. Walikigeuza hivi na hivi, kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini, mwisho wakakiacha nje na mimi nikakifunika turubai. Ni vizuri, Ishak, nisiseme uongo. Mbao inang'aa kama imepakwa samli. Lakini havijauzika hata kimoja.

Wateja wanakuja. Wanavipapasa, wanavipiga kofi, wanasifu fundi. Halafu wananiuliza swali moja tu, kila mtu hilo hilo: "Mama, kinakunjika?" Nikisema hakikunjiki, wanauliza kama kinafunguka. Nikisema hakifunguki, wananunua kiti cha kukunja wanakwenda.

Mwanzo niliwacheka. Sasa siwacheki tena. Mtu wa hapa analala chumba kimoja katika nyumba za reli, leo yuko Nakuru, kesho ameandikiwa Eldoret. Mwingine yuko katika shamba la mzungu, na mzungu akiamka vibaya, jioni yeye na watoto wako barabarani. Akinunua meza anataka miguu itoke. Akinunua kitanda anataka cha kubeba begani.

Unamkumbuka Waithaka, yule fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyekushonea suruali ya kwanza? Mwezi wa nne malori ya serikali yalikuja kuchukua watu wa kabila lake. Waliambiwa wachukue wanachoweza kubeba. Alikuwa na meza nzuri aliyochongewa na Obeid, ya mtarakwa, bado inanukia. Alibeba cherehani, mkewe akabeba mtoto, na ile meza akaileta mlangoni kwangu. "Mama Khamisa, nitunzie." Basi ipo hapa, ninaipangusa. Tangu siku ile mtaa mzima hakuna anayetaka kusikia habari ya kitu kizito. Mengine siandiki, barua siku hizi zinafunguliwa na wasiohusika.

Hayo ndiyo maneno ya biashara. Njoo uwaone wateja kwa macho yako, utengeneze vitu vya Nakuru. Duka litasimama ukiwapo.

Dada yako,
Khamisa


Tabora
2 Septemba 1953

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika. Vya kukunja! Kumbe watu wa Kenya wanataka kulala juu ya mwavuli? Mimi nimefundishwa kazi hii na mzee ambaye kitanda chake cha kwanza mpaka leo kinalaliwa na wajukuu.

Nikueleze za huku. Mtu wa Tabora ananunua kitanda mara moja, anapooa. Watu wa bibi harusi wanakuja kukiona kabla ya mahari kukamilika. Wanainama kabisa, wanatazama chini yake, maana huko ndiko yatakakokaa masanduku ya mwanamke, na kitanda kifupi kitawaonyesha kwamba bwana harusi hana matumaini ya kupata mali. Ndiyo sababu wanataka matendegu marefu. Mtu anazaliwa juu ya kitanda hicho, anaugua juu yake, na siku yake ikifika anatolewa juu yake. Milango yetu mipana, na kama si mipana tunaunganisha kitanda ndani, na hakuna anayeuliza kitatokaje, kwa sababu hakuna anayefikiria kutoka. Sisi na ninyi mpaka wetu ni mstari tu wa wazungu, lakini mmeharibiwa, Dada. Samahani kusema hivyo.

Siku hizi nalala karakana. Kazi zimenizidi.

Nakutumia kitanda kimoja zaidi. Hiki kimenichukua miezi miwili. Unakikumbuka kitanda cha baba, kile kilichomtangulia Nakuru alipohama kutoka Voi? Nimefuata mfano wake, mpaka zile nakshi za majani kichwani. Kipokee vizuri, kama mama alivyokipokea kile.

Nduguyo,
Ishak


Bondeni, Nakuru
14 Desemba 1953

Kwa Ishak, fundi wa mafundi,

Kaa kitako kwanza, nina habari njema, na leo salamu zitakuja nyuma.

Nimeuza mninga Nakuru!

Kile kitanda cha mwisho kilifika wiki ya Maulidi. Nilipokifungua magunia nilishika mdomo. Nakshi za baba, majani yale yale! Nilikuwa mtoto, nikilala napitisha kidole katika mishipa ya yale majani mpaka usingizi unanijia. Nikasema, Khamisa, kazi hii haiwezi kurudishwa Tabora kwa aibu. Umenitukana kwamba watu wa huku tumeharibika, sasa nitakuonyesha.

Nikamwita Pritam Singh, yule fundi wa karakana iliyo nyuma ya soko, rafiki wa Obeid. Nikamwambia akate matendegu, shubiri moja na nusu, halafu aikate mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, aitie bolti, kitanda kifunguke vipande. Unajua yule mzee alikipapasa muda gani? Akaniuliza, "Bibi, kweli nikate?" Nikamwambia kata. Akauliza tena. Nikamwambia, mzee Pritam, mimi ndiye mwenye duka. Akakata, lakini hakutaka chai yangu siku hiyo.

Siku ya tatu akaja mwanamke wa Kuresoi, anaitwa Chelangat, mkunga. Alikuwa ameshuka na lori la viazi. Alikitazama kitanda, akakifungua bolti moja kwa mkono wake mwenyewe, akairudisha, akacheka. Kikapakiwa katika lori lile lile, vipande vipande, hata mpagazi mmoja hakulalamika.

Umeona? Kwa hiyo sasa huna kisingizio. Soko lako lipo hapa, ni kukata kidogo tu. Chonga kama unavyochonga, Pritam atatia bolti, mimi nitauza kwa mdomo wangu huu. Funga karakana, chukua Mboni, njoo. Ninangoja jibu lako kuliko nilivyongoja jibu lolote.

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mvua imekuja.

Dada yako mwenye furaha,
Khamisa


Bondeni, Nakuru
8 Machi 1954

Ishak,

Sijapata neno lako. Krismasi ya Wakristo imepita, mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita. Niliandika tena mwezi wa kwanza, sijui kama uliipata. Huumwi? Mboni haumwi?

Ikiwa umekasirika kwa sababu nilikata mbao yako, niambie umekasirika. Nitukane kama mwezi ule wa tisa. Nilikitafutia mnunuzi ili ufurahi.

Hapa mtaani watu wamepungua. Nyumba ya Waithaka imepangishwa mara mbili na mara zote mbili wapangaji wamehama kabla sijashika majina yao. Nafungua duka hata Jumapili. Siuzi kitu. Ni ili mtu akipita aseme hodi.

Nijibu, tafadhali.

Khamisa


Tabora
25 Aprili 1954

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Siumwi.

Mboni aliondoka. Alirudi kwao Kigoma kabla hata ya barua yako ile ya kwanza, ya hitima, na mahakama ya kadhi imekwisha tutenganisha. Sikukuandikia kwa sababu uliniletea salamu za kumpa na mimi sikuwa na wa kumpa. Kila barua ulizileta tena, na kila mara ikawa vigumu zaidi.

Kitanda kile hakikuwa cha kuuza, Dada. Kilikuwa changu.

Baba alipotaka kuhamia Nakuru hakuandika kwamba anakuja. Alituma kitanda. Mama akakitandika, akamtumia habari kwamba kimetandikwa, naye akapanda treni. Babu alifanya hivyo, na baba yake babu. Kwetu mwanamume haombi nafasi katika nyumba kwa maneno. Anatanguliza kitanda, na mwenye nyumba akikitandika, ndiyo jibu. Nilidhani unajua. Wewe ndiye mkubwa.

Nilikuwa nimekwisha waaga watu. Zana nilizifunga katika masanduku mawili. Nikawa naenda posta kila treni ya Mwanza ikifika. Barua ikaja, nikasoma kwamba kimekatwa, kimeuzwa, na umefurahi. Nikafungua masanduku.

Sikulaumu. Nilijibiwa, nikalipokea jibu. Vile vitanda vingine vitatu uza kwa namna yoyote unayoona, hata kwa kuni.

Ishak


Bondeni, Nakuru
20 Mei 1954

Ishak, Ishak mdogo wangu,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Jirani alinikuta hapo akadhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo.

Ningejuaje? Nilikuwa mtoto wa miaka sita, nilikumbuka majani, sikukumbuka desturi. Niliposoma maneno yako nilimsikia fundi anayejisifia nakshi, na wewe kujisifu hukuanza leo! Na tena, nikuambie kweli, nimeishi mno katika mji huu. Hapa kitanda kikitoka mlangoni maana yake watu wanaondoka. Mwaka mzima sijaona kitanda kinachokuja kwa sababu mtu anakuja. Ulipokituma, akili yangu haikuweza kwenda huko. Ilienda sokoni.

Nilikwenda Kuresoi kukifuata. Nilipanda lori la viazi mbele na dereva, nimefunga saumu, baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimejiandaa kumpigia Chelangat magoti. Nyumba yake niliikuta imejaa wanawake, na juu ya kitanda chako amelala msichana mwenye uchungu wa kuzaa, ameshika ile mbao ya kichwani kwa mikono miwili, pale pale penye majani. Chelangat akanipa maji ya moto nishike. Nikashika. Mtoto alipotoka wakapiga vigelegele na mimi nikapiga. Kitanda sikukitaja. Nikarudi na lori la jioni.

Njoo mikono mitupu. Sitaki kitanda, njoo na mkeka, njoo na nguo ulizovaa. Pritam Singh amesema atakupa nafasi katika karakana yake, nimekwisha mwuliza. Mbao nitanunua mimi. Duka lipo, litakuwa letu sote wawili. Wateja wananiuliza kila siku fundi wa mninga atakuja lini.

Ramadhani hii nafuturu kwa uji na tende, sina nguvu ya kupika. Nijibu kabla ya Idi.

Khamisa


Tabora
17 Oktoba 1954

Dada yangu Khamisa, shikamoo.

Najua barua hii imechelewa na najua ulingoja. Niliandika tatu nikazichana.

Nimeoa. Anaitwa Samsam, mjane, nyumba yake iko nyuma ya karakana. Wakati ule nilipofungua masanduku nilikaa siku nyingi bila kuwasha moto. Yeye alikuwa akipita jioni, anasimama dirishani, anauliza, "Fundi, umekula?" Basi, hilo tu. Hakuuliza naunda nini, wala kazi itakwisha lini. Nikisema nimekula, ananitazama anajua ni uongo, anarudi na sahani. Hata mimi sijui ni siku gani nilianza kuisikiliza saa ile ya jioni.

Barua yako ya Mei ilinikuta tumekwisha soma fatiha ya uchumba. Niliisoma nikalia, sikufichi. Ingetangulia kuja kwa mwezi mmoja ningepanda treni bila viatu.

Sasa mimi ni wa hapa. Nakuomba uje wewe. Samsam anataka kukuona, nyumba ina vyumba vitatu na baraza. Uza duka, au lifunge. Tabora hapana malori.

Nduguyo,
Ishak


Bondeni, Nakuru
9 Novemba 1954

Kwa Ishak na wifi yangu Samsam,

Mungu awape heri, awajaze watoto na awaondolee hasidi. Nimefurahi, na nimelia pia, nawe usiniulize kipi kilitangulia. Nimemtumia Samsam kanga mbili, jozi ya Mombasa, niliyoiweka sandukuni kwa ajili ya Mboni. Usimwambie hilo la mwisho.

Huko siji. Usinune. Kaburi la Obeid nalipalilia mimi, na meza ya Waithaka ina mwenyewe. Siku akirudi akute mlango umefungwa, atamwuliza nani? Mtu mmoja katika mtaa huu lazima akae mahali pamoja ili wengine wajue pa kurudi. Na mimi, Ishak, ninyi wa Tabora mngenichosha kwa kukaa! Nimekwisha kuwa mtu wa hapa, nikiona kitanda natazama kwanza bolti.

Vile vitanda vyako vitatu nimeviuza, Pritam amevikata vyote. Viti vya kukunja vinakwenda vizuri. Naishi.

Lakini kuna jambo nataka nikuambie, na nimelizunguka karibu miaka miwili kama paka na maziwa ya moto. Nilikuandikia kwamba duka linataka mwanamume. Nilikuandikia kwamba duka linataka fundi, duka litasimama, wateja wanakuulizia. Hawakukuulizia, Ishak. Hakuna mteja aliyekuulizia hata siku moja. Duka lilikuwa kisingizio. Mimi ndiye niliyekuwa nakutaka. Jioni nikifunga mlango sina mtu wa kusema naye mpaka asubuhi, na nikaona haya kumwandikia hivyo mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nikakuita kwa ajili ya viti na meza, na wewe ukaniletea vitanda. Ningeandika mstari mmoja tu wa kweli Februari ile, labda ungekuja wewe na nguo zako.

Yamepita. Sikuandikii ili uje. Kaa na mkeo, mshike vizuri, mwanamke anayeuliza swali lile si wa kuachwa.

Ila barua usiniache. Niandikie hata kama huna habari. Na ukiniandikia, usiniulize tena biashara inakwendaje wala watu wa Nakuru wananunua nini. Niulize kama nimekula.

Dada yako,
Khamisa